Chura wa miti hanywi kwa mdomo: maji ya bakuli, maji ya hewani na balbu ya Julai

*«Daktari, shikamoo. Ninaishi Njiro, Arusha. Mwezi wa tano familia niliyokuwa nikiifanyia kazi ilirudi kwao, ikaniachia vyura wawili wa miti, wale wakubwa wa kijani wa Australia, pamoja na tangi lao la kioo lenye kifuniko cha wavu. Maelekezo niliyopewa ni "wapulizie maji" tu. Tangu baridi ianze nimewawekea balbu ya wati 60 juu ya wavu, na ninawapulizia maji ya bomba karibu kila saa nikiwa nyumbani. Hata hivyo sijawahi kumwona hata mmoja akinywa, na maji ya bakuli hayapungui. Sasa wamegeuka rangi ya kahawia, na mmoja leo ni siku ya nne anashinda ndani ya bakuli. Jirani ananishauri nimnyweshe kwa bomba la sindano, dada yangu ambaye ni muuguzi anasema niwape ORS, na fundi bomba anasema floridi ya Arusha itawamaliza. Nimsikilize nani?»*

Marahaba, ndugu yangu, na pole kwa kukabidhiwa viumbe wa watu kwa maelekezo ya maneno mawili. Nikikuelewa vizuri, hofu yako ni kwamba vyura hawa wanakauka mbele ya macho yako ilhali maji yapo, na kwamba kwa kuwa hawanywi inabidi maji yaingizwe mwilini kwa nguvu. Kati ya washauri wako watatu, fundi bomba ndiye aliyeukaribia ukweli, ingawa naye ametia chumvi. Jirani na dada yako, kwa nia njema kabisa, wanakuelekeza kwenye mambo yanayoweza kumdhuru chura. Na kitu ninachokishuku zaidi katika barua yako hakuna aliyekitaja: ile balbu.

Tuanze na kunywa. Hujawahi kumwona chura wako akinywa kwa sababu vyura, isipokuwa wachache sana, hawanywi kwa mdomo. Maji huingia kupitia ngozi, na sehemu kubwa huingilia eneo moja maalumu lililo chini ya tumbo na upande wa ndani wa mapaja ya nyuma. Ukimtazama chura wako akiwa amejibandika kwenye kioo, utaona kwamba ngozi ya mahali hapo ni nyembamba, ina vijipelepele kama chembechembe, na imepauka kuliko ya mgongoni. Chini yake pana mtandao mnene wa mishipa midogo ya damu. Chura mwenye kiu hutanua mapaja, akajilaza tumbo likigusa maji au hata sehemu iliyoloa tu, na akatulia hapo. Damu yake ina chumvi nyingi kuliko maji matamu, kwa hiyo maji huvutwa kuingia ndani bila yeye kumeza hata tone. Anapokuwa amekaukiwa, ubongo hutoa homoni inayoongeza vijitundu vya kupitishia maji katika ngozi ya eneo hilo, na kasi ya kunywa hupanda.

Hilo linajibu pia swali la bakuli lisilopungua. Chura wa gramu 50 aliyepungukiwa na sehemu moja ya kumi ya uzito wake anahitaji gramu 5 za maji, yaani kijiko kimoja cha chai. Huwezi kuona kijiko cha chai kikipungua katika bakuli pana, tena kwa kuwa vyura hawa huamka usiku, atakuwa ameshuka, amekaa na kupanda tena wakati wewe umelala. Bakuli lisilopungua halikuambii chochote kuhusu kiu ya chura.

Kuna jambo la pili ambalo wafugaji wengi hawaambiwi. Kibofu cha chura ni zaidi ya mahali pa kukusanyia mkojo, kwa kuwa ndicho ghala lake la maji. Katika aina kadhaa za vyura kibofu kilichojaa hufika robo ya uzito wa mwili, na chura anapokaa mahali pakavu huyarudisha maji hayo kwenye damu kidogo kidogo. Sasa fikiria kinachotokea unapomkamata kumwonyesha mgeni: anakukojolea mkononi. Watu hucheka na kwenda kunawa, kumbe chura amemwaga akiba yake ya siku kadhaa kwa sekunde mbili. Kwa hiyo, wakati huu ambapo una wasiwasi nao, usiwashike bila sababu, na ikibidi umshike mmoja, mrudishe kando ya bakuli lake lenye maji safi. Usimrudishe juu ya tawi kavu.

Nije kwenye kupulizia. Watu wengi hudhani kwamba chura hunywa unyevu wa hewani, na kwamba kipimaunyevu kikisoma asilimia 90 basi chura amekunywa akashiba. Sivyo. Hewa yenye unyevu hupunguza kasi ya chura kupoteza maji, lakini haimpatii maji. Maji anayapata kwa kugusa: bakuli, majani yaliyoloa, matone yaliyoshikamana na kioo. Ipo hali moja ya pekee inayojulikana kwa chura huyu huyu wa Australia, ambapo akitoka kwenye baridi ya usiku na kuingia ndani ya shina la mti lenye joto na mvuke, umande hujitengeneza juu ya ngozi yake na yeye huunyonya. Hata hapo, hata hivyo, anachonyonya ni maji yaliyokwisha kuwa matone.

Na hapa ndipo balbu inapoingia. Hewa ya nyuzi 15, ambayo ni ya kawaida kabisa kwa asubuhi ya Julai hapa Arusha, ikishiba mvuke hubeba takribani gramu 13 za maji kwa kila mita moja ya ujazo. Ukiipasha hewa hiyo hiyo hadi nyuzi 28 bila kuongeza maji, gramu ni zile zile 13, lakini sasa hewa ina uwezo wa kubeba gramu 27. Unyevu uliokuwa asilimia 100 umeshuka hadi chini ya asilimia 50, na hewa hiyo sasa inatafuta maji popote yalipo, ikiwemo kwenye ngozi ya chura. Ndiyo maana nguo ulizofua zikishinda kambani siku nzima nje bila kukauka, ukizitundika karibu na jiko zinakauka mara moja, ingawa hewa ni ile ile. Balbu ya wati 60 juu ya wavu hufanya kazi hiyo hiyo, na zaidi, kwa kuwa hewa moto hupanda na kutoka kupitia wavu, huku hewa nyingine ya baridi ikivutwa ndani na kupashwa vivyo hivyo. Wewe unapulizia, balbu inakausha, unapulizia tena. Mmekuwa mkishindana kutwa nzima, na vyura wako katikati.

Usinielewe vibaya, joto wanalihitaji. Chura huyu ametoka kaskazini na mashariki mwa Australia na kusini mwa kisiwa cha New Guinea, sehemu zenye joto, na anastawi mchana ukiwa kati ya nyuzi 24 na 28 hivi, na usiku usiposhuka sana chini ya 18. Chumba cha Njiro mwezi huu hakifiki hapo bila msaada. Cha kufanya ni kuhamishia joto upande mmoja tu wa tangi, kwa balbu ya nguvu ndogo iliyofungwa nje ya wavu mahali ambapo chura hawezi kuigusa, na kufunika nusu ya wavu ya upande wa pili kwa kipande cha kioo au plastiki ngumu ili mvuke usitoroke wote. Hivyo chura atajichagulia mwenyewe, upande wa joto au upande wa unyevu. Usijaribu kamwe kupasha chumba hicho kwa jiko la mkaa. Moshi na gesi yake ni hatari kwako wewe kwanza.

Rangi ya kahawia, kwa hiyo, haikunitisha sana. Vyura hawa hubadilika kutoka kijani hadi kahawia kwa sababu ya baridi, mwanga, mahali walipokaa au fadhaa, kisha hurudia kijani. Rangi peke yake si kipimo cha kukaukiwa. Vilevile usihangaike ukimkuta mchana amekunja miguu yote chini ya mwili, kidevu kimebanwa kwenye jani na macho yamefumba. Huo ndio mkao wake wa kuhifadhi maji, kwa sababu sehemu ya ngozi iliyo wazi kwa hewa hupungua na ule upande wa tumbo unaopoteza na kupokea maji kwa urahisi unafichwa.

Anayeshinda ndani ya bakuli ndiye anayenipa mawazo. Chura wa miti, kama jina lake linavyosema, hupenda kulala juu. Akihamia bakulini kwa siku nne, maana yake inaweza kuwa moja kati ya mbili, na zinatofautiana sana. Ya kwanza ni kwamba sehemu nyingine zote za tangi ni kavu kupita kiasi, na bakuli ndilo kimbilio pekee. Hili linaafikiana na habari ya balbu, na ukilirekebisha atapanda mwenyewe baada ya usiku mmoja au miwili. Ya pili ni ugonjwa wa ngozi, hasa kuvu anayeitwa kitridi, ambaye ameangamiza vyura katika mabara kadhaa. Kuvu huyu huvuruga ngozi isiweze kusimamia chumvi za mwili, na hatimaye moyo husimama kwa kukosa uwiano wa chumvi hizo. Chura aliyeambukizwa anaweza kukaa majini muda mrefu, akalegea, na ngozi ikambanduka mara kwa mara vipandevipande. Kwa kumtazama tu huwezi kutofautisha hali hizi mbili siku ya kwanza. Unazitofautisha kwa kurekebisha mazingira na kuona kama anabadilika.

Ningependa hapa nikutahadharishe dhidi ya kosa la upande mwingine, la kulowesha kupita kiasi. Watanzania wengi tumesikia habari za chura wa Kihansi, yule mdogo wa korongo la Mto Kihansi, aliyezoea kuishi ndani ya manyunyu ya maporomoko. Maji yalipochepushwa kwa ajili ya kuzalisha umeme, manyunyu yalipungua, na hata mitambo ya kunyunyizia iliyofungwa bondeni haikumwokoa. Mwaka 2009 alitangazwa kuwa ametoweka porini, na mwaka 2012 wakaanza kurudishwa vyura waliozalishwa katika bustani za wanyama za Bronx na Toledo nchini Marekani. Kwa chura huyo manyunyu yalikuwa uhai wenyewe. Chura wako ni wa namna nyingine kabisa. Kwao kuna msimu mrefu wa kiangazi, na ngozi yake huzuia maji kutoka kwa kiasi kizuri kuliko ya vyura wengi. Mbali zaidi yake wapo vyura wetu wenyewe wa nyika, wale wanaojenga viota vya povu juu ya matawi, ambao hupauka wakawa karibu weupe juani na hutoa taka ya mwili kama sisi tunavyoona kwa ndege, nzito na nyeupe, ili wasipoteze maji katika mkojo. Hao ukiwapulizia kila saa utawaua. Wako yuko katikati ya hao wawili: anataka jioni yenye maji na mchana unaokauka kiasi. Tangi linaloloa saa ishirini na nne hustawisha bakteria na kuvu, na matokeo yake ni ule wekundu chini ya mapaja ambao wafugaji wa vyura wanauogopa sana.

Sasa ushauri wa jirani. Ndani ya kinywa cha chura, tundu la kuelekea mapafuni liko kwenye sakafu ya mdomo, nyuma tu ya ulimi. Ukimbana taya na kumsukumia maji kwa bomba la sindano, ni rahisi sana yaingie huko badala ya tumboni. Zaidi ya hatari hiyo, huna faida unayoipata, kwa kuwa mlango wake wa maji ni tumbo la nje na si kinywa.

ORS inahitaji maelezo marefu kidogo, kwa sababu dada yako anafikiri kama mtu wa afya na mantiki yake kwa mtoto anayeharisha ni sahihi kabisa. Maji huingia kwa chura kwa sababu damu yake ina vitu vingi vilivyoyeyuka kuliko maji anayokalia. Damu ya chura ni nyepesi kuliko yetu. Maji ya chumvi yanayolingana nayo ni ya gramu 6 hadi 7 kwa lita, wakati dripu ya kawaida ya binadamu ni gramu 9. Pakiti ya ORS ya sasa ikikorogwa kwenye lita moja kama ilivyoandikwa hutoa mchanganyiko wenye nguvu ya miliosmoli 245 (kipimo cha wingi wa vitu vilivyoyeyuka majini), na damu ya chura iko jirani na hapo. Ukimlowesha humo, maji hayana sababu ya kuingia. Ukiikoroga nzito kidogo, au ukitumia dripu ya hospitali, maji yatatoka mwilini mwake kwenda bakulini. Utakuwa unamkausha ndani ya maji. Madaktari hutumia michanganyiko ya chumvi kwa vyura wenye matatizo fulani, kwa vipimo vya chura. Nyumbani, kwa chura aliyekaukiwa, tumia maji matamu safi.

Hapo tunamfikia fundi bomba. Ni kweli kwamba miamba ya volkano ya Mlima Meru hutia floridi nyingi katika maji ya sehemu nyingi za Arusha na Meru. Meno ya kahawia ya watu waliokulia sehemu kama Maji ya Chai au Ngarenanyuki ni ushahidi unaotembea. Kiwango kinachokubalika kwa maji ya kunywa ya binadamu ni miligramu 1.5 kwa lita. Chura hatakufa kesho kwa floridi, lakini kiumbe anayekunywa kwa ngozi, na anayeweza kuishi zaidi ya miaka 15 akitunzwa, hana sababu ya kulazwa kwenye maji ambayo sisi wenyewe tunayakwepa. Kumbuka pia kwamba kuchemsha hakuondoi floridi. Maji yanapungua kwa mvuke na floridi inabaki, kwa hiyo unaiongezea nguvu.

Kinachonihangaisha haraka zaidi kuliko floridi ni klorini, ile dawa ya kuua vijidudu inayotiwa kwenye maji ya bomba, kwa sababu unapuliza maji ya bomba moja kwa moja juu ya ngozi yao kila saa. Yaache maji kwenye ndoo safi isiyo na kifuniko kwa saa 24 kabla ya kuyatumia, ukiyakoroga mara mojamoja, na klorini ya kawaida itatoka. Ikiwa mamlaka ya maji ya eneo lako hutumia kloramini, yaani klorini iliyoungana na amonia, hiyo haitoki kwa kuachwa wazi; ulizia, na ikibidi tumia dawa ya kuondoa klorini wanayouza kwa wafuga samaki wa mapambo.

Ningekuwa mimi, kwa vyura wawili tu, ningetumia maji ya chupa yanayoonyesha kiwango kidogo cha floridi kwenye lebo yake, kwa sababu hutahitaji zaidi ya lita moja hivi kwa siku, au maji ya chujio la mkaa wa mifupa kama unalo nyumbani. Maji ya mvua nayo ni mazuri, lakini acha mvua ya mwanzo ioshe kwanza vumbi la paa, na yakinge kwenye chombo cha plastiki. Bati jipya linaloacha zinki, au tangi la chuma lenye kutu, si mahali pa kumkingia chura maji. Maji yaliyosafishwa kabisa hadi kukosa madini, kama yale ya betri, yaache. Hayafai kuwa maji ya kila siku, kwa kuwa chura huhitaji pia kuokota chumvi kidogo kutoka kwenye maji yanayomzunguka.

Na kwa wasomaji wa upande wa Moshi wanaobahatika kuwa na maji ya chemchemi za mlimani, tahadhari yenu ni nyingine. Msichume matawi ya kupambia tangi kutoka vihambani bila kujua shamba limepigwa dawa gani. Kahawa hupuliziwa dawa za shaba, mrututu na nyinginezo, na shaba ni sumu kali kwa vyura kwa sababu ile ile kwamba ngozi yao haina mlango wa kufunga. Hali kadhalika dawa ya mbu ya kupuliza: isipulizwe katika chumba chenye tangi, na mikono yenye mafuta ya kupaka au sabuni isiguse maji yao.

Sasa nikueleze cha kufanya kuanzia leo jioni. Punguza nguvu ya balbu kama nilivyosema na uhamishie joto upande mmoja. Weka bakuli pana ambamo chura mzima anaweza kuketi, maji yafike mabegani mwake tu, na jiwe au kipande cha gome la kumsaidia kutoka. Maji hayo yabadilishwe kila siku hata yakionekana safi, kwa kuwa chura hukojoa na kunya humo humo, amonia hujikusanya, na ngozi inayokunywa maji huinywa na amonia hiyo. Lisugue bakuli kwa maji ya moto bila sabuni. Pulizia mara moja tu, jioni wanapoamka, kwa wingi wa kutosha majani na kioo viloe hadi matone yaning'inie. Ikiwa mchana ni mkavu sana ongeza kidogo asubuhi, kisha acha pakauke. Kipimaunyevu kining'inizwe usawa wa katikati ya tangi, mbali na balbu, na unachotafuta ni asilimia 70 hivi usiku ikishuka hadi 50 hivi mchana. Chini tandika makumbi ya nazi yaliyosagwa, na uyakamue mkononi kabla ya kuyaweka: yashikamane, lakini maji yasitiririke kati ya vidole.

Kwa yule wa bakulini, mpe maji ya kukalia ya kusudi. Chukua chombo cha plastiki chenye kifuniko kilichotobolewa, weka maji yaliyoandaliwa, yenye joto la nyuzi 23 hadi 25, kina kisifike kidevuni, na umwache humo kwa nusu saa ukiwa karibu. Akikojoa, badilisha maji. Rudia jioni moja au mbili zinazofuata. Usimlishe katika siku hizo, kwani chura aliyekaukiwa hana maji ya kutosha kumeng'enyea chakula, nyenje watasubiri. Mpime pia kwenye mizani ya jikoni, ndani ya kikombe cha plastiki ambacho umeshakitoa uzito wake, na uandike. Macho hudanganya, hasa kwa aina hii inayonenepa kirahisi, lakini gramu zinazopungua kutoka kipimo kimoja hadi kingine haziwezi kubishiwa.

Maji machafu ya bakuli uyamwage chooni, wala si kwenye mfereji au bustani inayoteremkia mtoni, kwa sababu hatujui vyura hawa wamebeba nini, na vyura wetu wa miteremko ya Meru huenda hawana kinga ya maradhi ya kigeni. Kwa sababu hiyo hiyo, ukichoka kuwatunza, usiwaachie porini. Waandikie waliokuwa waajiri wako wakutumie nyaraka za kuwaingiza nchini, na uende nazo ofisi ya TAWA, mamlaka ya usimamizi wa wanyamapori, upate maelekezo, maana kumiliki mnyama pori bila kibali ni jambo ambalo sheria ya uhifadhi wa wanyamapori ya mwaka 2009 inalitazama kwa uzito.

Muda wa kusubiri una kikomo. Ikiwa baada ya siku mbili za marekebisho haya macho yake yamedidimia ndani, ngozi imenyauka na kukunjamana, au mate yake yanavutika kama gundi, mpeleke kwa daktari wa mifugo. Mpeleke siku hiyo hiyo bila kusubiri ikiwa kuna wekundu chini ya tumbo au mapajani, ikiwa ngozi inabanduka na kuning'inia, ikiwa ukimgeuza chali hajigeuzi, au ikiwa amevimba kana kwamba amejaa maji chini ya ngozi. Huyo wa mwisho usimloweshe tena, kwa kuwa mwili wake umeshindwa kuyatoa maji, na kumwongezea ni kumzidishia ugonjwa.

Piga simu kwanza, maana madaktari wengi wa Arusha hushughulika na ng'ombe na mbwa, na ni haki yako kuuliza kama aliyepo amewahi kutibu mnyama wa ngozi laini. Asipokuwepo, mwombe awasiliane na wenzake wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA), Morogoro, mkiwa hapo hapo. Msafirishe chura katika chombo cha plastiki chenye matundu na karatasi laini iliyoloweshwa maji yake, bila maji ya kuogelea, kwa sababu chura dhaifu anaweza kuzama kwenye tikisiko la daladala, na kisiwekwe upande wa jua. Beba orodha ya uzito wake, maji unayotumia kwenye chupa ndogo, na picha ya tangi pamoja na balbu yake. Mtenge na mwenzake tangu leo, kila mmoja na bakuli lake, na umhudumie aliye mzima kwanza kabla ya kumgusa mgonjwa.